Jinsi ya kuwa mtafiti wa kuzaliwa kwa nyota: mwongozo kamili kuanzia sekondari

Galaksi yetu, Njia Nyeupe, ina gesi baridi ya kutosha kutengeneza nyota: takriban tungamo la Jua mara bilioni moja, iliyojikusanya kwenye mawingu makubwa ya molekuli. Ukichukua msongamano wa kawaida wa mawingu hayo, kama molekuli 100 kwa kila sentimita ya ujazo, na kukokotoa muda ambao kani ya mvutano ingehitaji kuyaporomosha, unapata miaka milioni tatu hivi. Gawanya sasa. Kila mwaka zingepaswa kuzaliwa nyota zenye tungamo la Jua mara mia tatu. Zinazozaliwa kweli hazizidi mara mbili au tatu. Kuna kitu kinachozuia, na tangu miaka ya 1970 wanaastrofizikia wamekuwa wakibishana ni kipi hasa: msukosuko wa gesi, uga wa sumaku, au nyota changa zenyewe, ambazo hupuliza gesi ya jirani kabla haijaporomoka.

Swali hilo limezaa taaluma nzima, na mwongozo huu ni wa kijana wa Tanzania, Kenya, Uganda au kwingineko katika ukanda wetu anayetaka kuingia humo. Nina msimamo mmoja utakaouona kila hatua: usisubiri kuitwa. Data nyingi za fani hii ziko wazi, bure, kwa yeyote mwenye intaneti. Mwanafunzi anayezipima akiwa bado shahada ya kwanza hufika kwenye usaili akiwa tayari ameshaanza kazi.

Ijue kazi yenyewe kwanza

Watu wengi wakisikia "mwanaastronomia" humwona mtu anayechungulia darubini usiku kucha. Siku ya kawaida ya mtafiti wa nyota changa huanza kwa kupitia makala mpya zilizowekwa usiku uliopita kwenye arXiv, hifadhi ya mtandaoni ya makala za utafiti. Baada ya hapo ni kompyuta: kusafisha data, kuandika programu, kujadiliana na wenzake kwa video kama mstari fulani kwenye ramani ni gesi ya kweli au kasoro ya chombo, kusahihisha kazi ya mwanafunzi, kuandika ombi la fedha. Usiku wa darubini upo, ila ni michache kwa mwaka. Darubini kubwa nyingi huendeshwa na wafanyakazi wake, nawe hupokea data kwa mtandao.

Nyota huzaliwa gizani. Wingu la molekuli lina joto la Kelvini 10 hivi, yaani nyuzi 263 chini ya sifuri, na vumbi lake huziba mwanga wa kawaida kabisa. Molekuli ya haidrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya wingu, karibu haitoi mnururisho wowote kwenye baridi hiyo. Kwa hiyo watafiti hufuata wapambe wake: monoksidi ya kaboni, inayong'aa kwenye masafa ya gigahezi 115.27, na vumbi, ambalo ni kama asilimia moja tu ya tungamo lakini hutoa mwanga wa infraredi ya mbali na wa milimita. Ndiyo maana vyombo utakavyovisikia kila siku ni ALMA, safu ya antena 66 kwenye uwanda wa Chajnantor nchini Chile, mita 5,000 juu ya usawa wa bahari. Herschel, darubini ya anga iliyofanya kazi kuanzia 2009 hadi 2013. Na James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021.

Ndani ya fani kuna waangalizi wanaochambua data za darubini, waigaji wanaoporomosha mawingu ndani ya kompyuta kubwa, wanadharia, na wajenzi wa vyombo. Kwa mtu anayeanzia kwetu, naona uangalizi kwa kutumia hifadhi za data ndiyo njia nyepesi zaidi. Uigaji wa kiwango cha utafiti unadai saa nyingi za kompyuta kubwa. Nadharia haidai mitambo, lakini inadai mwalimu wa karibu sana.

Sekondari: mambo matatu

La kwanza ni hisabati. Tanzania na Uganda chukua PCM. Kenya elekea njia ya sayansi ukiwa na fizikia, kemia na hisabati. Ukilazimika kuchagua mahali pa kuweka saa zako za ziada kati ya fizikia na hisabati, ziweke kwenye hisabati. Fizikia ya chuo humwangusha mtu ambaye kalkulasi yake ni ya kukariri.

La pili ni kuandika programu. Anza na Python. Huna kompyuta? Maabara ya shule, ya kaka au binamu aliye chuoni, au ya maktaba inatosha kuanzia, na Google Colab hufungua Python kwenye kivinjari bila kusakinisha chochote. Jifunze kusoma faili, kuchora grafu, kutumia safu za namba kwa NumPy. Basi.

La tatu ni wazazi. Swali lao ni moja: "Utaajiriwa wapi?" Lijibu kwa heshima na kwa ukweli. Waambie shahada ya kwanza itakuwa ya fizikia, inayofungua ualimu, mawasiliano ya simu, hali ya hewa, nishati na uchambuzi wa data. Astronomia itakuja juu ya msingi huo. Mzazi aliyeelewa hivyo mapema hukusaidia baadaye, siku utakapohitaji nauli ya kwenda kwenye usaili wa viza.

Shahada ya kwanza: soma fizikia kwa kina

Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya astronomia na astrofizikia. Dar es Salaam, Makerere na kwingineko utapata fizikia ya kawaida, na hilo si pungufu hata kidogo. Vyuo vingi vya uzamili huko nje huangalia kama umesoma mekanika, sumakuumeme, thamodinamiki na fizikia takwimu, kwanta, na mbinu za hisabati. Mienendo ya vimiminika na gesi ikitolewa kama somo la hiari, ichukue bila kufikiri mara mbili, kwa sababu wingu la nyota ni gesi inayotiririka. Takwimu nayo usiikwepe.

Mradi wa mwaka wa mwisho ndio silaha yako. Wanafunzi wengi hupokea mada yoyote wanayopewa. Wewe nenda kwa mwalimu mapema, mwanzoni mwa mwaka wa pili kwa chuo cha miaka mitatu, ukiwa na pendekezo lililoandikwa kurasa mbili. Hata kama mwalimu si mtu wa nyota, akiona unajua data iko wapi na utapima nini, mara nyingi atakubali kukusimamia.

Halafu, toka nje uangalie. Tuna bahati ambayo wenzetu wa Ulaya hawana. Jabari (Orion), kundinyota lenye nyota tatu zilizopangana kama mkanda, hupita karibu kabisa juu ya utosi wetu. Chini ya mkanda kuna doa lenye ukungu, Nebula ya Jabari, umbali wa miaka ya nuru 1,350 hivi, mahali pa karibu zaidi panapozaliwa nyota kubwa kwa wingi. Kutoka Dar es Salaam, katikati ya Januari, kama saa nne na nusu usiku, doa hilo linakuwa nyuzi moja na nusu tu kutoka utosini. Watumiaji wa darubini zilizoko Ulaya huliona likiwa chini, kwenye hewa nzito. Kaskazini-magharibi yake kiko Kilimia, nyota zilizozaliwa pamoja miaka milioni 100 hivi iliyopita. Wingu la Taurus, ambamo nyota ndogo zinazaliwa sasa hivi, liko upande huo huo wa anga na karibu umbali ule ule, miaka ya nuru 450. Hulioni kwa macho, lakini ukitazama hapo uko mbele ya maabara inayosomwa kuliko karibu nyingine zote za fani hii. Kwa Nebula ya Jabari na Kilimia, darubini ya mkononi inatosha kabisa.

Kipimo chako cha kwanza

Hapa ndipo naomba utulie, kwa sababu hatua hii ndiyo inayotenganisha mpenzi wa nyota na mtafiti.

Sakinisha Python pamoja na Astropy, maktaba yake ya zana za astronomia, na programu ya bure ya DS9 ya kutazamia picha za FITS, muundo wa faili wanaoutumia wanaastronomia. Kisha nenda kwenye hifadhi ya mradi wa Herschel wa Gould Belt, ulioongozwa na Philippe André wa Ufaransa, ushushe ramani ya Taurus inayoonyesha idadi ya molekuli za haidrojeni kwa kila sentimita ya mraba. Faili hizi zimeshachakatwa. Huhitaji kushusha data ghafi, ambazo ni kubwa na zitakumaliza bando. Ukiweza, shusha ukiwa kwenye mtandao wa chuo, usiku, watu wakiwa wamepungua.

Fungua ramani. Utaona nyuzi ndefu zilizopindapinda, na juu ya nyuzi hizo vifundo vyenye kung'aa. Vifundo hivyo ni viini ambavyo baadhi yao vitakuwa nyota. Sasa pima uzito wa wingu.

Tuseme pikseli moja ina upana wa sekunde 3 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi), na wingu liko parseki 140 kutoka kwetu, yaani ile miaka ya nuru 450 hivi. Sekunde moja ya tao kwenye umbali wa parseki 140 ni vizio vya astronomia 140 (kizio kimoja ni umbali wa Dunia hadi Jua), kwa hiyo pikseli ina upana wa vizio 420, sawa na sentimita 6.3 × 10¹⁵. Zidisha kwa yenyewe, unapata eneo la sentimita za mraba 4 × 10³¹. Kama ramani inasema pikseli hiyo ina molekuli 10²² kwa kila sentimita ya mraba, basi ina molekuli 4 × 10⁵³. Kila molekuli ya haidrojeni, ukihesabu na heliamu iliyochanganyika nayo, inachukua tungamo la atomu ya haidrojeni mara 2.8. Jibu linakuja gramu 1.9 × 10³⁰ hivi. Hiyo ni sawa na tungamo la sayari ya Mshtarii, ndani ya pikseli moja.

Jumlisha pikseli zote, upate tungamo la wingu. Kisha jumlisha zile tu zinazozidi molekuli 7 × 10²¹ kwa kila sentimita ya mraba. Sehemu hii ya pili itakuwa ndogo sana ukilinganisha na ya kwanza, na humo ndimo viini vingi vya nyota vilimo. Umeona kwa mkono wako jambo ambalo makala nyingi zimeandikwa kulihusu: wingu kubwa, lakini sehemu inayozaa ni ndogo.

Usiishie hapo. Jiulize kosa liko wapi. Umbali ukiwa na kosa la asilimia 10, tungamo linakosea kwa asilimia 21, maana linakwenda kwa mraba wa umbali. Ndiyo sababu chombo cha Gaia, kilichorushwa Desemba 2013 kupima umbali wa nyota, kimebadilisha hata kazi za watu wasiochunguza nyota zilizokomaa. Vumbi nalo: ramani imedhania vumbi lina uwezo fulani wa kutoa mwanga, na dhana hiyo ina shaka yake. Mwanafunzi anayeandika namba pamoja na kosa lake, na kueleza kosa limetoka wapi, ameshaongea lugha ya watafiti.

Zoezi la pili ni la mwendo. Dame, Hartmann na Thaddeus walichapisha mwaka 2001 ramani ya monoksidi ya kaboni ya Njia Nyeupe, iliyopimwa kwa darubini ndogo mbili zenye kipenyo cha mita 1.2 tu, moja Marekani na nyingine Chile. Data zake ziko wazi, na kila eneo lina faili lake. Chukua la Jabari. Hii si picha ya kawaida, ina mhimili wa tatu, ambao ni kasi: mabadiliko ya kilomita 1 kwa sekunde husogeza mstari wa gigahezi 115.27 kwa kilohezi 385 hivi. Chora spektra, yaani grafu ya nguvu ya mnururisho kwa kila kasi, ya sehemu mbalimbali za wingu kubwa lililo nyuma ya nebula. Utakuta kaskazini gesi iko kwenye kasi ya kilomita 10 na kitu kwa sekunde, na kusini inashuka kuelekea 5. Sasa pima upana wa mstari. Gesi ya Kelvini 10, ingekuwa imetulia, ingetoa mstari wa upana wa kilomita 0.13 tu kwa sekunde. Wewe utapata kilomita kadhaa. Tofauti hiyo ndiyo msukosuko, na sasa ule ubishi wa aya ya kwanza umeugusa.

Andika kazi hizi mbili kurasa sita au nane, uweke programu yako GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha programu. Huo ni mradi wa shahada ya kwanza, na ni barua bora ya utambulisho kuliko cheti chochote cha warsha.

Kusoma makala

Tumia ADS, orodha ya mtandaoni ya makala za astronomia ya NASA, kutafuta, arXiv kusoma bure. Anza na makala za mapitio, si za matokeo mapya. Soma muhtasari, picha zote na maelezo yake, hitimisho, kisha rudi katikati. Makala moja kwa wiki, ikiwa na nukuu zako mwenyewe pembeni, inashinda kumi za kupitia haraka. Kuna mambo matatu ya kale usiyoweza kuyakwepa: kigezo cha James Jeans cha 1902 kuhusu wingu linaporomoka lini, kazi ya Edwin Salpeter ya 1955 kuhusu nyota ngapi huzaliwa ndogo na ngapi kubwa, na uhusiano kati ya gesi na kasi ya kuzaliwa kwa nyota, ulioanzishwa na Maarten Schmidt mwaka 1959 na kupimwa upya na Robert Kennicutt mwaka 1998.

Uzamili: anzia Afrika ukiweza

Ushauri huu wengine hawaupendi, lakini nausimamia. Uzamili mzuri barani kwetu hukupa msimamizi anayejua ulikotoka, gharama ndogo, na mtandao wa watu utakaokutana nao maisha yako yote.

Afrika Kusini ina NASSP, programu ya kitaifa ya astrofizikia na sayansi ya anga, inayopokea wanafunzi kutoka nchi nyingine za Afrika. Uganda, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kimekuwa kikizalisha wahitimu wa uzamili na uzamivu wa astrofizikia kwa msaada wa programu ya kimataifa ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. AIMS, Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, ina kituo Kigali, na ingawa ni cha sayansi za hisabati, mwaka mmoja pale huimarisha mno msingi wa programu na takwimu.

Kuna mlango mmoja unaoelekea moja kwa moja kwenye nyota changa. Mradi wa DARA, ulioanzishwa kwa fedha za Uingereza kufundisha astronomia ya redio katika nchi washirika wa Afrika, Kenya ikiwemo, umeongozwa na Melvin Hoare wa Chuo Kikuu cha Leeds, ambaye utafiti wake mwenyewe ni kuzaliwa kwa nyota kubwa. Si sadfa tupu. Methanoli iliyo karibu na nyota kubwa inayozaliwa hutoa mnururisho mkali wa redio kwenye gigahezi 6.7, unaoitwa maseri, na mnururisho huo unaonekana kwa darubini moja ya ukubwa wa kati. Ghana iligeuza antena ya zamani ya mawasiliano ya simu yenye kipenyo cha mita 32 huko Kuntunse kuwa darubini, ikazinduliwa 2017. Hartebeesthoek, Afrika Kusini, ina antena ya mita 26 iliyojengwa 1961 kufuatilia vyombo vya anga. Mwaka 2015 antena hiyo ilinasa maseri za NGC 6334I, eneo zinamozaliwa nyota kubwa, zikilipuka kwa mng'ao, na ALMA ikaonyesha kwamba kitu chenyewe kilikuwa kimeng'aa ghafla: nyota changa ilikuwa imemeza donge kubwa la gesi. Ugunduzi wa namna hiyo hauhitaji chombo cha mabilioni. Unahitaji mtu anayerudi kwenye chanzo kile kile wiki baada ya wiki, na hii ni kazi ambayo Afrika inaweza kuifanya vizuri kuliko wenye foleni ndefu.

Jiunge na Jumuiya ya Wanaastronomia wa Afrika, AfAS, uhudhurie mikutano yake hata kwa mtandao. Agosti 2024 Cape Town iliandaa mkutano mkuu wa Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, wa kwanza barani Afrika, na wapo vijana wa kwetu waliowasilisha mabango yao pale.

Uzamivu: chagua msimamizi, jina la chuo baadaye

Utaishi na msimamizi wako miaka mitatu hadi sita. Kabla ya kuomba, soma makala zake tatu za karibuni, utazame majina ya wanafunzi wake, uangalie kwenye ADS wako wapi sasa. Kama wanafunzi watatu mfululizo hawakumaliza, hiyo ni habari. Waandikie wawili kati yao uulize: anakutana nao mara ngapi? Anasoma rasimu kwa muda gani? Mwanafunzi ndiye mwandishi wa kwanza wa makala zake?

Barua pepe kwa msimamizi iwe fupi. Aya ya kwanza: wewe ni nani na unasoma wapi. Ya pili: kitu kimoja mahususi kwenye makala yake kilichokugusa, na swali la kweli kukihusu. Ya tatu: ulichokifanya, na kiungo cha kazi yako ya Taurus au Jabari. Usianze kwa kukisifu chuo chake. Asipojibu baada ya wiki mbili, mkumbushe mara moja, kisha songa mbele.

Mifumo inatofautiana. Marekani unaweza kuingia uzamivu ukitokea shahada ya kwanza. Inachukua miaka mitano au sita, na kwa kawaida idara inakulipia ada na posho. Maombi hufungwa Desemba na Januari, na majibu ya wanaokubali husubiriwa hadi tarehe 15 Aprili. Ujerumani inataka uzamili kwanza, halafu uzamivu ni ajira yenye mkataba. Heidelberg na Garching zina vikundi vikubwa vya kuzaliwa kwa nyota. Uholanzi inafanana nayo. Uingereza ni miaka mitatu na nusu hivi, lakini ufadhili kwa mgeni ni mgumu kupatikana; usikubali nafasi isiyo na fedha kwa matumaini kwamba zitapatikana mbele ya safari.

Ada za maombi zinaweza kukutoa jasho. Vyuo vingi vya Marekani huzisamehe ukiomba kwa barua, basi omba. Pasipoti na matokeo rasmi ya chuo anza kuvishughulikia mapema, na wanaokuandikia barua za mapendekezo wape angalau mwezi, pamoja na ukurasa mmoja wa mambo uliyofanya nao. Mwalimu mwenye madarasa ya mamia hawezi kukumbuka kila kitu, na kumkumbusha si utovu wa adabu.

Kuomba muda wa darubini

Hili watu hulifikiria mwishoni, wakati ni nusu ya taaluma. ALMA hutoa mwito mara moja kwa mwaka, na tarehe ya mwisho kwa kawaida huwa Aprili. Hoja ya kisayansi haizidi kurasa nne. Mtu kutoka nchi isiyo mwanachama naye anaruhusiwa kuomba, ingawa fungu la waombaji hao lina kikomo. James Webb iko wazi kwa ulimwengu mzima, na ushindani wake ni mkali: mzunguko wa nne ulipata maombi zaidi ya 2,300, na saa zilizoombwa zilikuwa mara tisa hivi ya zilizopo.

Kinachotupa moyo ni kwamba ALMA, Hubble na Webb sasa huficha majina ya waombaji kwa wanaoyapima. Msomaji hajui kama umetoka Harvard au Mbarara. Anaona hoja tu. Kwa hiyo andika hoja yenye swali moja, si matano. Sema matokeo yakiwa hivi, nadharia fulani inaanguka. Yakiwa vile, nyingine. Onyesha hesabu ya unyeti: unahitaji kugundua mwanga kiasi gani, na dakika ngapi zinatosha. Ombi linaloahidi "kuelewa vizuri zaidi" bila kusema namba itakayopimwa huachwa mapema. Kwenye ALMA, maombi mengi hupimwa na waombaji wenzako, kila mmoja akisoma kumi. Kushiriki humo kutakufundisha kuandika kuliko kozi yoyote.

Baada ya uzamivu

Hatua inayofuata ni mikataba ya utafiti ya miaka miwili au mitatu, mara nyingi miwili au mitatu mfululizo, pengine kila mmoja nchi tofauti. Matangazo hutoka kuanzia Septemba, mengi kwenye daftari la ajira la Jumuiya ya Astronomia ya Marekani, na tarehe za mwisho hujazana Oktoba hadi Desemba. Nafasi za kudumu ni chache kuliko wahitimu. Hilo liseme wazi kwa mchumba na kwa familia kabla ya kusaini mkataba wa bara jingine, kwa sababu kuhama kila baada ya miaka miwili huvunja vitu ambavyo makala hazivirudishi.

Wanaotoka kwenye fani hawatoki mikono mitupu. Aliyezoea kutenganisha ishara hafifu na kelele huajirika benki, kampuni za simu, bima, picha za setilaiti za kilimo na misitu. Jitayarishe kwa hilo tangu uzamivu: programu zako ziwe safi, zenye maelezo, kwenye GitHub.

Anayetaka kurudi kufundisha nyumbani aanze mazungumzo na idara ya fizikia ya kwao miaka miwili kabla, si baada ya mkataba kuisha. Aombe msimamizi wake wa mwisho abaki mshirika, kwa maandishi, ili akaunti ya kompyuta kubwa na nafasi kwenye timu zisikatike siku anayopanda ndege. Akubaliane na idara kuhusu saa za kufundisha, maana mhadhiri mpya mwenye kozi nne kwa muhula hana muda wa kugusa data. Na abebe diski yenye ramani zilizochakatwa, za Taurus, Jabari na Aquila, wingu jingine linalozaa nyota, ili mwanafunzi wake wa kwanza wa mwaka wa tatu aanze kupima siku hiyo hiyo, bila kusubiri bando.